Mpaka wa Rangi katika Sinema za Hollywood, na Sehemu ya Ukambani Ndani Yake

Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Homer Plessy, mtu wa New Orleans aliyekamatwa kwa kuketi katika behewa la Wazungu. Sehemu saba kati ya nane za nasaba yake zilikuwa za Kizungu, na kwa kumtazama tu mtu asingeweza kumtenga na abiria wengine; ilibidi ajitaje mwenyewe ndipo akamatwe. Mahakama ilikubali kwamba mabehewa yaendelee kutengwa kwa rangi. Mwaka 1924 jimbo la Virginia lilikaza kamba zaidi: dalili yoyote ya asili ya Kiafrika katika ukoo, hata ya vizazi vingi nyuma, ilitosha kumwondoa mtu katika hesabu ya Wazungu. Sheria inapomhukumu mtu kwa jambo lisiloonekana, siri hugeuka njia ya kutafutia riziki. Watu weusi wengi waliozaliwa na ngozi nyeupe walihama makwao, wakaenda kwenye miji wasikojulikana, wakaishi kama Wazungu. Wapo waliofanya hivyo saa za kazi tu, jioni wakarudi kwa jamaa zao. Wapo pia walioondoka moja kwa moja, hata wazazi wao wakazikwa bila wao. Walter White, aliyekiongoza kwa miaka mingi chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi, alikuwa na macho ya buluu, na aliitumia sura yake kuingia katika miji ya Kusini kupeleleza mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya Wazungu.

Sinema iliiona hadithi hii mapema. Wa kwanza kuishughulikia kwa uzito alikuwa mtengenezaji filamu mweusi, Oscar Micheaux. Katika The Symbol of the Unconquered ya mwaka 1920, mwenye hoteli anayejifanya Mzungu ndiye anayewatesa weusi kuliko wote, kwa sababu kila mweusi anayebisha hodi anamkumbusha anachokificha. Micheaux alitengeneza filamu zake kwa fedha kidogo, zikaonyeshwa hasa katika kumbi za watu weusi. Studio kubwa zilipoichukua hadithi hiyohiyo ziliipa nyota, muziki na mavazi ya kifahari, na ziliipa pia woga wao.

Filamu iliyoweka msingi ni Imitation of Life ya mwaka 1934, iliyoongozwa na John M. Stahl kwa studio ya Universal. Wajane wawili, Mzungu na mweusi, wanalea binti zao chini ya paa moja. Delilah, aliyeigizwa na Louise Beavers, ana siri ya kupika chapati za maji zinazomtajirisha mwenye nyumba. Akipewa asilimia 20 ya biashara iliyotokana na mapishi yake mwenyewe, anaomba aachwe aendelee kuwa mtumishi. Binti yake Peola ni mweupe kama Wazungu. Siku moja mvua inanyesha, na mama anamfuata mtoto shuleni na mavazi ya mvua. Anasimama mlangoni, anauliza kama binti yake yumo. Mwalimu anamjibu kwa upole kwamba lazima amekosea, darasa lake halina mtoto mweusi. Nyuma ya chumba Peola amejificha kwa kitabu. Mama anamwona. Watoto wanageuka, na msichana anainuka na kutoka akipita katikati ya macho yao. Tukio hilo halichukui hata dakika mbili, lakini mzigo wote wa mfumo ule umo ndani yake: hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana, mwalimu hana ubaya wowote moyoni, na bado maisha ya mtoto yamevunjika kwa sababu mama yake alimletea koti.

Peola aliigizwa na Fredi Washington, mzaliwa wa Savannah, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na macho ya kijani. Yeye mwenyewe angeweza kuishi kama Mzungu, akakataa waziwazi, na mwaka 1937 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji weusi. Uaminifu huo ulimgharimu kazi. Mwaka mmoja kabla ya Imitation of Life, katika The Emperor Jones, alipakwa rangi nyeusi usoni ili watazamaji wasidhani kwamba mwigizaji mweusi Paul Robeson amemkumbatia mwanamke wa Kizungu. Kwa hiyo mwigizaji huyohuyo alikuwa mweupe mno kwa filamu moja, na mweusi mno kwa nafasi zote za Wazungu ambazo sura yake ingeziweza. Waliokuwa wakipima ngozi yake ni wasimamizi wa Kanuni ya Uzalishaji, kanuni ya maadili ya filamu za Hollywood, iliyoandikwa mwaka 1930 na kuanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Kanuni hiyo ilipiga marufuku kuonyesha mapenzi kati ya Wazungu na weusi. Hata Peola aliwatia hofu, ingawa hakuna mapenzi ya namna hiyo yanayoonyeshwa katika filamu yake: kuwapo kwake tu kulikuwa ushahidi kwamba mahali fulani, siku za nyuma, kanuni ilikwisha kuvunjwa.

Mwaka 1949 zilitoka filamu mbili kwa pamoja. Lost Boundaries ilitokana na maisha ya kweli ya Dakta Albert Johnston wa Keene, New Hampshire, aliyewatibu Wazungu wa mji wake kwa miaka bila wao kujua asili yake. Pinky, ya studio ya Fox, ilihusu muuguzi anayerudi Kusini kwa bibi yake mfuaji nguo. Zote mbili zilikuwa na ujasiri wa kuzungumza, na zilipata adhabu ya ujasiri huo: mji wa Atlanta uliizuia Lost Boundaries, na huko Marshall, Texas, mwenye ukumbi alihukumiwa kwa kuionyesha Pinky, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu hiyo mwaka 1952. Lakini nani waliigiza? Daktari aliigizwa na Mel Ferrer, na Pinky na Jeanne Crain, Wazungu wote wawili. Kwa njia hiyo mtazamaji wa Kizungu alipomwona Pinky akibusiwa na mchumba wake daktari, alijua kwamba wanaobusiana ni Wazungu. Alilia na kurudi nyumbani salama.

Mwaka 1951 mambo yalifika mahali pa kusikitisha zaidi. Studio ya MGM ilikuwa inatengeneza upya Show Boat, hadithi ya Julie, mwimbaji wa meli ya maonyesho anayegunduliwa kuwa na damu ya Kiafrika. Polisi wanapokuja kumkamata kwa kosa la kuolewa na Mzungu, mumewe anamchanja kidole, ananyonya damu, kisha anaapa mbele yao kwamba naye sasa ana damu ya mtu mweusi mwilini. Studio ilikuwa na Lena Horne, mwimbaji mweusi aliyeigiza katika filamu zake, ambaye tayari alikuwa ameimba wimbo wa Julie katika filamu ya mwaka 1946. Nafasi alipewa Ava Gardner. Horne alisimulia baadaye kwamba rangi ya uso aliyopakwa Gardner ndiyo ile iliyotengenezwa kwa ajili yake yeye. Filamu inayolaani kumfukuza mwanamke jukwaani kwa sababu ya damu yake ilimnyima mwanamke jukwaa kwa sababu hiyohiyo. Miaka minane baadaye Douglas Sirk alipoirudia Imitation of Life, mama aliigizwa na Juanita Moore, mweusi, naye binti akaigizwa na Susan Kohner, ambaye mama yake alikuwa Mmeksiko na baba yake Myahudi kutoka Ulaya ya Kati. Wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Upande wa pili wa sinema hizi uko Afrika Mashariki, na ndiko unakoonekana wazi zaidi. Mwaka 1929 MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke na kikosi chake kupitia Mombasa kupiga Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931. Ndani ya filamu hiyo yumo msichana wa Kizungu, Nina, aliyechukuliwa akiwa mtoto na kukuzwa na Waafrika. Hajui lugha ya wazazi wake, havai mavazi yao, hawakumbuki. Kwa kila kipimo cha malezi yeye ni Mwafrika. Lakini filamu inamfanya malkia wa wale waliomlea, wanayemcha kama mungu, kisha inamrudisha kwa Wazungu wenzake kana kwamba alikuwa safarini tu. Peola amekulia katika nyumba ya Kizungu na damu isiyoonekana inamvuta chini. Nina amekulia porini na damu inampandisha kwenye kiti cha enzi. Anayeziangalia filamu za kujifanya Mzungu bila kuziweka kando ya filamu za safari anaona nusu tu ya imani iliyozizaa: kwamba damu ni hatima, na malezi si kitu. Tarzan, aliyefuata mwaka 1932 katika studio hiyohiyo na kwa mwongozaji huyohuyo, ni imani ileile katika umbo la mwanaume.

Katika Trader Horn, anayebeba bunduki ya Horn, mfanyabiashara wa Kizungu, ni Mutia Omoolu, mwenye jina ambalo lina wenyewe wengi huko Kitui na Makueni, nchi ya Wakamba. Anaigiza Renchoro, mtumishi mwaminifu anayekufa katika utumishi wake. Uigizaji wake ni wa kiwango cha juu, mtulivu, macho yakisema zaidi ya maneno machache aliyopewa. Yeye na mwenzake Riano Lindami walisafirishwa hadi California ili kurudia matukio ambayo hayakukamilika. Alifika Hollywood wakati ambapo ilikuwa kazi ngumu kwa Mmarekani mweusi kupata nafasi ya mtu mwenye jina na tabia kamili. Katika filamu za Tarzan za MGM ukingo wa milima unaolinda nchi ya Tarzan uliitwa Mutia. Jina lake likabaki kwenye ramani ya nchi ya kubuni, nchi ambayo mwenye kuitawala ni Mzungu.

Sura hii ya Mwafrika anayefuata nyuma na mzigo au bunduki ilikuwa imekaa katika filamu hizi kama jambo la asili. Historia ya Kitui inaikanusha moja kwa moja. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliingia bara hadi Kitui. Alimfuata Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyemiliki njia kati ya Kitui na pwani, na alikuwa mgeni wake alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Mwaka 1851 Krapf alisafiri tena na Kivoi kuelekea mto Tana, msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga peke yake hadi akaokoka kwa shida. Hapa Mkamba ndiye kiongozi, mwenye mtaji na mwenye kujua njia, na Mzungu ndiye anayelindwa. Hadithi hiyo studio hazikuiona kuwa ya kufanyiwa filamu.

Ile ambayo studio ziliiona ilitoka Makueni. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 serikali ya kikoloni ilimwajiri mwindaji J. A. Hunter, aliyekuwa na makao yake Makindu, kuwaondoa vifaru katika eneo la Makueni ili nchi ifunguliwe kwa makazi ya Wakamba waliobanwa katika hifadhi yao. Aliwaua 996. Idadi hiyo inatisha ikisomwa leo, na inaeleza pia jambo ambalo halikuwekwa kwenye vitabu vya safari: watu walisukumwa kwenye nchi ya mbung'o na vifaru kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa imeshachukuliwa na walowezi. Tayari mwaka 1938 Muindi Mbingu alikuwa amewaongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao kwa kisingizio cha kulinda udongo. Hunter aliandika kumbukumbu zake, na kitabu chake kimoja, alichokiandika na Mmarekani Daniel Mannix, kikatumika kama chanzo cha Killers of Kilimanjaro ya mwaka 1959, filamu ya kampuni ya Kiingereza yenye nyota wa Hollywood, Robert Taylor. Waafrika wenye maneno ya kusema humo waliigizwa na watu kama Earl Cameron wa Bermuda na Orlando Martins wa Lagos. Cameron huyohuyo alikuwa ameigiza Mwafrika wa Kenya katika Simba ya mwaka 1955 na katika Safari ya mwaka 1956. Alikuwa mwigizaji hodari, na hana lawama. Lawama ni ya utaratibu uliomwona kila mweusi kuwa anaweza kumwakilisha mweusi yeyote, ilhali Mzungu mmoja hakuweza kubadilishwa na mwingine bila mkutano wa mawakala.

Ava Gardner naye alikuja Kenya. Mwaka uliofuata Show Boat aliigiza katika The Snows of Kilimanjaro, na mwishoni mwa mwaka 1952 alikuwa Afrika Mashariki kwa filamu ya Mogambo, akiwa na Clark Gable na Grace Kelly. Mwongozaji alikuwa John Ford, ambaye ndiye aliyeanza kuiongoza Pinky kabla ya kazi hiyo kukabidhiwa Elia Kazan. Gardner na Ford walikuwa wameshikana na hadithi ya mpaka wa rangi kwao, na sasa walikuwa katika nchi ambako mpaka huo ulisimama mchana kweupe. Walifika wakati Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau ilikuwa imekwisha kutangazwa, tarehe 20 Oktoba. Mogambo haina hata mstari mmoja kuhusu hilo. Wazungu wanapendana, wanagombana na kupatana. Waafrika wanabeba mizigo, wanapiga makasia, wanaimba.

Kenya ya kikoloni ilikuwa na namna zake za kumweka mtu katika fungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Kodi, shule, kitanda cha hospitali, hata chakula cha gerezani vilifuata fungu la mtu: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Ndiyo maana Waswahili wa Makabila Kumi na Mawili ya Mombasa walipigana kwa miongo kadhaa ili wahesabiwe pamoja na Waarabu. Madai yao yalichekwa na kulaumiwa, lakini yalikuwa na mantiki ileile iliyomsukuma Peola: serikali ikiligeuza asili kuwa bei ya kila kitu, watu watatafuta asili ya bei nafuu. Mtu wa Kitui au Machakos hakuweza kujifanya Mzungu, bila shaka. Lakini hata kati ya Waafrika mipaka ilichorwa na kulindwa kwa bunduki. Tarehe 24 Aprili 1954 msako wa kijeshi ulioitwa Operesheni Anvil uliizingira Nairobi, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa kwa maelfu na kupelekwa kambi za kizuizini za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Treni za Manyani zilipita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, katikati ya nchi ya Wakamba. Kuwa Mkamba siku hizo kuliweza kumwokoa mtu, na kwa kuwa Kikamba na Kikikuyu ni lugha za jirani, wapo Wakikuyu waliojitambulisha kuwa Wakamba. Aliyekuwa anaulizwa jina la baba yake, kijiji chake na mto anaochota maji alikuwa katika hali ileile ya msichana aliyejificha nyuma ya kitabu, tofauti ikiwa kwamba mlangoni alisimama askari.

Ni katika kipindi hichohicho cha Hali ya Hatari, msimu wa 1953 na 1954, ambapo mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alipiga kambi karibu na Loitokitok pamoja na Wakamba waliofanya kazi katika msafara wake. Alinyoa kichwa, akapaka nguo zake rangi ya udongo mwekundu, akawinda kwa mkuki, akawa na urafiki wa kimapenzi na msichana wa Kikamba, na katika muswada uliochapishwa mwaka 1999 kwa jina True at First Light alijieleza kama mtu anayejifunza kuwa Mkamba. Mapenzi yake kwa watu hao hayakuwa ya kinafiki. Lakini alivuka mpaka upande ambao hauna mlinzi: angeweza kurudi alipotaka, na alirudi. Wenzake aliowaita ndugu hawakuwa na njia hiyo.

Filamu iliyokaribia kulisema jambo hili wazi ni Something of Value ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Richard Brooks kutokana na riwaya ya Robert Ruark, na kupigwa Kenya mwaka 1956. Sidney Poitier ni Kimani, Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, aliyeigizwa na Rock Hudson. Wakiwa vijana wanakwenda kuwinda; shemeji wa rafiki yake anamwamuru Kimani kubeba bunduki, na anapokataa anampiga kofi. Kamera inabaki kwenye uso wa Poitier. Katika uso huo hakuna unyenyekevu wa Renchoro wala machozi ya Peola. Anafanya hesabu ya maisha yake yote kwa kitambo kimoja, na baada ya hapo anaondoka. Filamu haikuwa na ujasiri wa kukaa naye hadi mwisho, na inaigeuza Mau Mau kuwa jinamizi la usiku. Lakini tukio la kofi linabaki kuwa jambo la kweli zaidi ambalo Hollywood ya zamani ililisema kuhusu Kenya. Nyuma ya kamera kofi lilikuwa linaendelea: Brooks alisimulia kwamba hoteli ya Nairobi ilikataa kumpokea Poitier pamoja na nyota wenzake, na alilazimika kubishana nayo hadi ikakubali.

Marufuku ya mapenzi ya rangi mbili ilitolewa katika Kanuni ya Uzalishaji mwaka 1956, na mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria zote za majimbo zilizokataza ndoa hizo, katika kesi ya Richard na Mildred Loving wa Virginia, jimbo lilelile la sheria ya 1924. Hadithi ya kujifanya Mzungu ilipungua katika sinema kwa sababu sheria zilizoizaa zilikuwa zinaanguka. Mwaka 2021 riwaya ya Nella Larsen ya mwaka 1929, Passing, ilifanywa filamu na Rebecca Hall, ambaye babu yake mzaa mama alikuwa mweusi aliyeishi Detroit kama Mzungu, na nafasi kuu zikachukuliwa na Tessa Thompson na Ruth Negga. Nafasi ambayo Lena Horne alinyimwa ilikuwa imechukua miaka 70 kufunguka.

Upande wa Kenya mabadiliko yalikuwa ya polepole zaidi. Born Free ilipigwa nchini baada ya Uhuru na kutoka mwaka 1966, na waigizaji wa Kiafrika Peter Lukoye na Omar Chambati walitajwa kwa majina. Waliigiza wasaidizi wa nyumbani na wa porini wa familia ya Kizungu iliyolea simba.